Kuta Mbili za Ugali

Ghala la kikundi chetu hapa Malangali halina paa la bati. Lina paa la zege jembamba lililokunjwa kama karatasi. Linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na mikunjo yenyewe inatoka ukuta mfupi wa mbele hadi ukuta mfupi wa nyuma. Ukilitazama kutoka barabarani utadhani kuna mtu amelima matuta juu ya nyumba. Mume wangu ndiye aliyelijenga, kwa mchoro aliopewa na injinia mstaafu aliyewahi kuwa bosi wake. Upepo wa huku Ufipa ulikuwa umeshaondoka na mabati yetu mara mbili, naye alisema amechoka kuyafuata mashambani kama mbuzi waliokata kamba.

Watu walicheka sana. Walimuuliza atapanda nini huko juu, ulezi au maharage. Alijibu kwamba atapanda maharage, maana ulezi una kazi ya kufukuza ndege.

Alifariki kabla paa halijafikisha miaka mitatu. Mvua ya kwanza kubwa baada ya arobaini yake, nilikwenda ghalani kuona kama panavuja. Hapakuvuja. Nilikaa humo juu ya gunia mpaka mvua ikakatika, nikarudi nyumbani kupika.

Mambo yalianza kwenye mavuno yaliyofuata. Tulipata mnunuzi, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, kisha akauza baadhi na kununua Fuso. Mlango wetu ulikuwa mwembamba, naye alitaka lori liingie kinyumenyume mpaka ndani, ili magunia yasibebwe mgongoni. Mwenyekiti wetu, rafiki wa mume wangu, akapata jibu palepale: tubomoe ukuta mfupi wa mbele wote, tubakize nguzo mbili za pembeni. Kila mtu aliona sawa. Na kwa nyumba zetu nyingine ni sawa kweli. Kenchi, zile mbao zinazobeba bati, hulalia kuta ndefu, na ukuta mfupi wa mwisho kazi yake ni kuzuia upepo na kubandikiwa picha za wagombea.

Mimi nikasimama. Nikasema, "Ukuta huo msiuguse."

Mwenyekiti akaniangalia kwa huruma. "Shemeji, ni marehemu alisema hivyo?"

Wote wakanigeukia. Kwenye kikao chetu neno la marehemu hakuna anayelipinga. Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha, tungekunywa chai. Lakini hakusema. Nilichokumbuka ni kwamba jioni moja alikunja karatasi ngumu, akailaza juu ya vikombe viwili, akaweka vitunguu kwenye mikunjo, na haikupinda. Kisha akaanza kunieleza jambo kuhusu kuta za mwisho. Mimi nilikuwa nataka kimojawapo cha vile vitunguu, maana mafuta yalikuwa yameshapata moto. Sikumsikiliza.

"Hakusema," nikajibu. "Alikuwa ananieleza, nikawa napika."

"Basi shemeji, Jumamosi tunabomoa."

"Nipeni mpaka hiyo Jumamosi. Nitawaeleza mimi."

Nilisema hivyo bila kujua nitaeleza nini. Nimeishia darasa la saba, na hesabu nilikuwa naitazama kwa mbali. Tena sikujua natetea nini. Wanawake wa kikundi hukaa chini ya paa hilo kutwa nzima wakichambua mahindi, na likianguka litatuangukia sisi. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba ukuta ule aliujenga yeye, na sikutaka kuona mtu akiupiga nyundo.

Nikanunua karatasi za manila. Ya kwanza niliilaza bapa juu ya makopo mawili, nikaweka mahindi, ikalegea katikati kama kitanda cha kamba. Ya pili niliikunja kama paa letu. Ilibeba kidogo, kisha kingo zake zikaanza kutambaa kila moja upande wake, mikunjo ikafunguka, mahindi yakaingia chini ya kabati. Nikakunja nyingine, ikawa hivyohivyo. Kuku wangu walishiba siku hiyo.

Kesho yake macho yangu yalitua kwenye sufuria yenye kiporo cha ugali wa ulezi. Nikakata mabonge mawili, nikayasimamisha, nikachomeka ncha za mikunjo ndani yake, huku na huku. Nikamimina mahindi bakuli zima. Karatasi haikujali. Hapo ndipo nilipoelewa: nguvu iko kwenye mikunjo, na kinachoizuia mikunjo isifunguke ni kuta za mwisho. Paa letu linalalia zile kuta fupi, si ndefu. Nilicheka kwa sauti peke yangu jikoni, mpaka nikashtuka.

Jumamosi nikafika na sinia, juu yake karatasi iliyokunjwa na kuta zake mbili za ugali.

"Mama," akasema Msukuma, "umetuletea ghala au chakula?"

"Ghala. Usiliguse."

"Ninyi Wafipa hata ghala mnalisonga!"

Mwenyekiti mwenyewe alimimina mahindi. Paa likakaa. Nikaweka viberiti viwili chini ya pembe za mbele, nikawaambia hizo ndizo nguzo zenu, sasa toeni ukuta. Msukuma akauvuta taratibu. Akabaki nao mkononi, akatafuta pa kuuweka, hakuona, akaula.

"Ukuta mtamu," akasema. "Umekosa mlenda tu."

Tulikuwa bado tunamcheka, mdomo wake ukiwa umejaa, karatasi ikaanza kufunguka. Tuta la kwanza likalala, la pili likafuata, mara paa zima likawa bapa, na mahindi yakatawanyika chini ya mabenchi. Hakuna aliyeinama kuyaokota. Wote tulikuwa tunatazama juu, kwenye paa lenyewe.

"Na hapo lori langu lingekuwa ndani," akasema Msukuma, akameza. "Na mimi ndani ya lori."

Mwenyekiti akavua kofia. "Haya shemeji, mlango tuuweke wapi?"

"Nadhani ukuta mrefu. Lakini nadhani tu. Nimejaribu ugali, sijajaribu zege."

Tukamwita injinia, binti wa Mbeya anayefanya kazi serikalini. Alinipa shikamoo, akapanda ngazi, akazunguka juu huko akigonga na kupima. Aliposhuka alisema kuta fupi zisiguswe kabisa, na ule mrefu unajibeba wenyewe tu, hivyo unaweza kufunguliwa, mradi tuweke linta, yaani boriti ya zege, juu ya mlango. Akaagiza tuzoe udongo na majani yaliyojaa kwenye mabonde ya paa, maana nao ni mzigo. Mwishowe akasema tuta moja ni nene kuliko lilivyo kwenye mchoro. "Inaonekana hapo fundi aliogopa, akaongeza zege."

Nilifurahi kusikia hivyo kuliko kama angemsifu. Aliogopa kweli. Wiki ya kuondoa mbao za kushikilia zege hakula vizuri hata siku moja.

Siku ya kuvunja ukuta mrefu nilisimama ndani.

"Shemeji, toka nje bwana!" mwenyekiti akaita.

"Mimi ndiye niliyesema ukuta huu. Piga."

Nikaegemea ukuta mfupi wa mbele. Nyundo ya kwanza ikaleta vumbi, ya tatu ikatoa tofali, mwanga ukaingia. Nilitega sikio juu muda wote. Hakuna kilicholia. Nilipotoka nywele zilikuwa nyeupe, na wanawake wakaniamkia shikamoo bibi.

Linta ilipokauka, Fuso likaja. Msukuma alikuwa anarudi nyuma kwa woga, kichwa kiko nje ya dirisha, macho juu. Nikasimama pale mlangoni, nikampigia makofi.

"Rudi! Rudi! Kata kulia! Acha kutazama paa, tazama mlango!"