Sauti ya Kumwitia Fuko

Hapana, fuko si kipofu kabisa. Macho anayo, ila madogo kama punje za ulezi, yanamwambia hapa kuna mwanga, hapa hakuna, basi. Na mimi sikurudishwa kwetu kwa uvivu. Najua ndicho mnachotaka kuniuliza, wajukuu zangu, naona midomo inavyowawasha. Menyeni ndizi, mimi nasema.

Kabla ya babu yenu niliolewa Kiruruma, nikitokea kwetu Isingiro. Ilikuwa ile miaka ya vita vya Wazungu, maharage tunakula bila chumvi. Huyo mume wangu wa kwanza kazi yake ilikuwa kutega fuko. Fuko anakula mizizi kwa chini. Wewe huku juu unaona mgomba wako umesimama, una mkungu mzuri, unajisifu. Upepo kidogo tu, puu! Basi watu walitoka hata Bugene kuja kumwita.

Lakini alikuwa na kigugumizi, na si kidogo. Kumsalimia mama yake tu ilikuwa, "Ma-ma-ma-ma," mpaka mama anaitikia salamu ambayo haijafika. Watu walizoea kummalizia maneno, na walimmalizia vibaya. Anataka ma-ma-maji, analetewa maharage. Anakula. Afanyeje?

Siku moja akanichukua shambani. Kwanza akaninawisha mikono kwa udongo mbichi aliousukuma fuko, ili harufu ya mtu isibaki kwenye kamba ya mtego. Akafukua njia ya fuko, akaweka kitanzi, akapinda fimbo juu yake. Fuko hapendi upepo nyumbani mwake. Ukimtobolea njia, atakuja kuziba. Kwa hiyo hashikwi kwa ulafi kama panya, anashikwa akifunga mlango wake mwenyewe.

Kisha mume wangu akalala kifudifudi, mdomo shimoni, akasema polepole:

"Hodi, mwenye nyumba. Upepo umeingia kwako. Njoo uzibe, baba, usije ukaugua kifua. Mlango nimeuharibu mimi, unisamehe, nimetumwa tu."

Hakukwama hata neno moja! Sauti laini, inateleza kama mafuta. Nikabaki nimeshika jembe, mdomo wazi.

Akainuka, akajipangusa magoti. Akaniambia, na kwangu pia hakukwama, "Huyu anaishi peke yake. Hana wa kunicheka naye."

Tangu siku ile, tukiwa wawili, alisema kama watu wote. Alinieleza kwamba fuko ana chumba cha kulala, ana ghala la viazi, na choo chake mbali, msafi kuliko wifi zangu. Kwamba fuko wawili wakikutana wanang'atana, ndiyo maana kila mmoja anagonga kichwa kwenye dari ya njia yake, tu-tu-tu, jirani ajue hapa pana mtu, apite kwingine. Akanionyesha meno yale ya njano yaliyokaa nje ya mdomo, anachimba nayo bila kumeza udongo. Mtu akitokea mlangoni, kigugumizi hicho, kimerudi. Akitoka, maneno yanaendelea pale yalipoachwa.

Kitu kimoja tu alinikataza. "Ile sauti ya shimoni," alisema, "iishie shimoni."

Nikasema sawa. Mdomo wangu huu.

Ikafika siku ya kumwoza wifi yangu mdogo. Nyumba imejaa, nyasi mpya zimetandazwa chini, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Walijua naweza kuiga watu, wakaanza, "Shemeji, mwige mwalimu wa dini!" Nikamwiga: "Wa-pen-dwa katika Bwana, nani amekalia kofia yangu?" Wakacheka. "Mama mkwe sasa!" Nikaibana pua: "Weee, huku kwetu ndizi hazimenywi hivyo, unazichuna kama mbuzi!" Mama mkwe mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi.

Ndipo wifi mkubwa akasema, "Na mumeo je?"

Walitaka ma-ma-ma. Mimi, Mungu ananiona, nilitaka wajue kwamba anajua kusema kuliko wao wote. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikalala kifudifudi kwenye nyasi, nikatoa ile sauti yenyewe: "Hodi, mwenye nyumba. Upepo umeingia kwako. Njoo uzibe, baba..."

Rubisi ilimwagika kwa kicheko. "Kumbe anamtongoza fuko!" Ningenyamaza hapo. Lakini watu wakicheka mimi siwezi kunyamaza. Nikaongeza, nikabusu nyasi, mwa, mwa, mwa. Niliponyanyua kichwa, alikuwa mlangoni, fuko wawili wananing'inia kwenye kamba, mikono bado ina udongo.

Aligeuka akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikamfuata. Tulikuwa wawili tu, hakuna mwingine.

"Bwana wangu," nikasema, "ilikuwa mchezo."

Akanitazama. Nikangoja ile sauti yetu ije. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, shingo ikakaza mishipa, kama pale anapomsalimia mama yake. Neno lenyewe nililiona likija kabla halijafika. Ningeweza kummalizia. Sikuthubutu.

"Ru-ru-ru-rudi kwenu."