A ya Mama

Mama alijifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu. Kule kwetu Kikwe usharika ulifungua darasa la ngumbaru, naye akawa anapitia hapo akitoka shambani, kanga ikiwa bado na vumbi. Mwalimu aliwafundisha a ya mkono: duara, na kijiti pembeni. Nikampelekea gazeti, nikidhani nampa zawadi. Alilitazama, akagusa a moja ya chapa, iliyopinda kwa juu, akanirudishia.

"Hii a ina kibiongo," alisema. "Si yetu."

Wakati huo nilikuwa nasanifu mabango kwenye duka moja la uchapaji mjini, Kaloleni. Kompyuta ilikuwa na fonti tele, yaani mitindo ya herufi, na wateja walipenda zenye vivuli na mapambo. Mimi nikaanza kuitafuta a ya mama. Niliipata katika fonti iliyokaa kama imechorwa kwa bikari na rula: o ni duara kamili, a ni duara lile lile likiegemea mstari, unene mmoja kote, hakuna mkia wala kijimguu. Nikaitumia kwenye bango la dada aliyeuza maziwa jirani yetu.

Mama alipokuja kunitembelea, alisimama mbele ya bango lile. Midomo ikaanza kucheza. Nikampokea mkungu wa ndizi aliokuja nao.

"Ma-zi-wa fre-shi," alisema taratibu. Kisha kwa sauti ya kuimbia kanisani, hadi wapita njia wakageuka: "Na mti-ndi!"

"Umeyaona maandishi, mama?"

"Nimeyasoma," akanisahihisha.

Muuza maziwa akatoka nje. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bango lako linasomeka, mwanangu."

Tangu hapo niliipachika fonti ile kila nilipoweza: kadi za harusi, vibao vya zahanati, fulana za kwaya. Mwenye saluni mmoja alilalamika kwamba herufi zake zinafanana na za chekechea. Nilimwomba avuke barabara, asome akiwa ng'ambo. Alisoma, akarudi, akasema sawa, ila maandishi yawe ya rangi ya waridi.

Mama alipofariki, ndugu waliniachia kazi ya kupanga ratiba ya ibada ya mazishi. Jina lake limejaa a. Niliandika herufi chache, nikashindwa. Mwenzangu wa dukani akanisogeza taratibu kitini, akamalizia yeye. Nilisimama nyuma yake nikimwambia tu, "Ongeza ukubwa. Ongeza tena kidogo."

Sasa naishi Moshono, nafanyia kazi nyumbani. Herufi za namna ile zimeenea mjini: benki, maduka ya dawa, chupa za maji. Vijana wanaziita za kisasa. Nikishuka mjini asubuhi, najikuta napunguza mwendo mbele ya kila bango. Mama angetaka kuyasoma yote, kwa sauti, upande huu wa barabara na ule, na ingetuchukua kutwa nzima. Naitamani sana kutwa hiyo.