Beldina wa Kimulot na Swali la Mwili Utakaofufuka

Beldina alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha wavuvi upande wa Homa Bay, binti wa tatu wa mvuvi aliyeitwa Okeyo. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, dhoruba iliipindua mashua ya baba yake na mwili haukuonekana. Jamaa walifanya kama desturi ya kwao inavyotaka: walichimba kaburi nyumbani, wakazika tunda refu la yago, mti wa mvungunya, badala ya mwili wa marehemu, wakalia, wakatawanyika. Tangu siku hiyo Beldina hakula samaki. Mama yake alimchapa, kisha akambembeleza, mwishowe akamwacha.

Aliolewa, akafiwa na mumewe kabla ya kupata mtoto, na mwaka 1968 akawafuata watu wa kwao waliokuwa wakienda kuchuma chai. Alifika Kimulot, karibu na msitu wa Mau, akaishi huko hadi mwisho wake. Wito wake haukuja kwa ndoto. Ulianza kwa jirani mgonjwa ambaye hakuwa na wa kumtekea maji. Beldina alimtekea, akamwosha, akamwombea, na alipopona akahamia mlango wa mgonjwa mwingine. Jioni, chai ikishapimwa, watu walimwona akipanda vilima na kikapu kitupu mgongoni, akienda kwa wagonjwa. Kipsigis, lugha ya wenyeji, alijifunza kando ya vitanda vyao. Mwaka 1983 kanisa lilimweka kuwa shemasi.

Waumini walipogundua kwamba hali samaki, walisema ni mfungo: mtu wa ziwa amejinyima chakula cha kwao kwa ajili ya Bwana. Wachumaji wenzake walimtania kuwa ndiye Mjaluo wa kwanza kuogopa mwiba. Beldina hakuipokea sifa ile wala hakuikana.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1994, msimu wa mvua ndefu. Kiptum, mzee wa kanisa, alikuwa na mama mkongwe aliyeitwa Chemutai, na mama huyo alikuwa akidhoofika. Kiptum alitamani abatizwe kabla hajafa. Chemutai alipenda nyimbo za kanisa na alimpenda Beldina, lakini ubatizo aliukataa, na hakusema kwa nini. Kiptum alimwomba shemasi amharakishe.

Beldina aliketi kando ya kitanda, akauliza bila haraka. Ndipo kikongwe akaeleza. Zamani, kabla ya watu wa pale kuanza kuchimba makaburi, mama yake alipokufa alibebwa jua likizama, akalazwa kichakani, fisi wakamla. Kichaka chenyewe sasa ni shamba la chai.

“Mnasema mtafufuka na miili,” alisema Chemutai. “Mama yangu atafufuka na nini? Kama yeye hana, mimi sitaki. Siwezi kusimama mbele ya Mungu na miguu yangu miwili, na mama hana hata mmoja.”

Kiptum, aliyekuwa mlangoni, alimwambia Beldina amjibu tu kwamba yote yatakuwa sawa. Beldina hakufanya hivyo. Alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

“Kogo,” alimwita, yaani bibi, “baba yangu aliliwa na samaki. Na wiki ile ile, kabla ya maziko, samaki wa ziwa lile walipikwa kwetu, nami nikala. Huenda nilimla baba yangu. Lakini aliyemuumba baba alipokuwa bado hana mfupa hata mmoja, hatashindwa kumrudisha. Ndivyo ninavyoamini.”

Chemutai akauliza, “Kama unaamini hivyo, mbona huli samaki?”

Beldina alirudi nyumbani akinyeshewa na mvua. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, akasema kwamba mfungo waliokuwa wakimsifia haukuwa mfungo bali hofu, na kwamba amewafundisha ufufuo miaka yote hiyo huku yeye mwenyewe akiuogopa mfupa wa samaki. Wengine walinong’ona kwamba shemasi wa namna hiyo apumzishwe. Mchungaji alisema wangoje.

Siku ya soko alikwenda Sotik kwa akina mama wauzao samaki, akanunua ngege mmoja, samaki wa ziwa la kwao. Alimpika nyumbani kwa Chemutai, mlango ukiwa wazi kwa sababu Kiptum hakuweza kuvumilia harufu. Wazee wa Kipsigis hawakuzoea samaki, na Chemutai alipomwona kwenye sufuria alisema huyo ni nyoka aliyenenepa. Beldina alimega. Machozi yalimtoka, akameza. Kiptum ndiye aliyekumbuka, akasema taratibu kwamba hata Bwana, alipofufuka, aliomba chakula, akapewa samaki, akala mbele ya wanafunzi wake.

Chemutai akanyoosha mkono. “Nipe kidogo,” alisema. Alitafuna sana. “Si mtamu. Mwiteni mchungaji.”

Alibatizwa kitandani. Mchungaji alipomwuliza kama anaamini ufufuo wa mwili, alijibu, “Naamini. Na wa mama.” Maneno hayo ya mwisho hayamo katika utaratibu wa kanisa. Mchungaji alimtazama Beldina, Beldina akainamisha kichwa kukubali, na maji yakamiminwa. Chemutai alizikwa kabla ya mwaka kuisha.

Beldina alifariki Agosti 1998 kwa homa ya mapafu. Husimuliwa kwamba mgonjwa wa mwisho kuoshwa naye aliamka akatembea. Familia ya mgonjwa huyo inashuhudia hivyo, na kanisa limelipokea bila kulichunguza. Linalojulikana na wote ni hili: huko Kimulot, mtu anapobatizwa na kuulizwa juu ya ufufuo, hujibu kwa ajili yake mwenyewe, kisha humtaja mmoja wa wafu wake, na mchungaji humngojea amtaje. Anayetaka kumwiga Beldina na aanzie hapo. Asimharakishe mwenye swali, na akiulizwa kuhusu hofu yake mwenyewe, aijibu kwanza.