Moto Walioniandikia

Mwenyekiti wa kamati ya vibanda aliinua simu yake juu kama padri anavyoinua hostia, kisha akaishusha usawa wa macho akasoma: "Moto huo ulianzia kwenye jiko la mama lishe mmoja, ukateketeza soko lote na kusababisha kifo cha mfanyabiashara mmoja." Akanitazama. "Sasa mama, haya si maneno yangu. Yako kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, dunia nzima inasoma. Kamati ikupe wewe kibanda cha mapishi kwenye soko jipya ili iweje? Tujenge la tatu?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Mimi nilikuwa benchi la mbele, mikono nimeificha ndani ya khanga kama kawaida yangu, maana tangu moto ule mikono yangu si ya kuonyesha watu. Niligeuka niangalie anayecheka kwa sauti zaidi, nikawaona kwenye dirisha: binti wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea tangu ananyonya, na wenzake wawili. Wao hawakucheka. Binti alikuwa ameangalia chini, anakwangua ukuta kwa kucha. Nikajua. Maneno yale yaliandikwa kwenye mkeka wangu, na matumbo ya walioyaandika yalikuwa yamejaa maharage yangu.

Mimi niliishia darasa la nne. Nasoma polepole, lakini nikishasoma kitu sikisahau, na hiyo ni tofauti yangu na wasomi wa siku hizi.

Mambo yalianzia semina ya siku tatu, Kasulu mjini. Alikuja mwalimu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye kompyuta yenye vibandiko mgongoni, akawakusanya vijana na kuwaambia kwamba mkoa wetu haumo kwenye kamusi elezo, kwamba ukitafuta vijiji vya huku unakuta ukurasa mtupu, na kazi ya kuujaza ni yao. Hilo sibishi. Tumezoea kutokuwemo. Ila akawaambia pia kuna mashindano: atakayeandika makala nyingi zaidi kabla ya mwisho wa mwezi atapata fulana na vocha za intaneti. Akapiga nao picha, akaondoka. Mtu akikaa kwenye nchi ya watu siku tatu, mbili kati yake akizitumia kutafuta samaki wa kuchoma, anajua nini?

Wale watatu wakachagua kwangu, kwa sababu nina sola ya kuchajia na huwa sifukuzi mtu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wanatandika mkeka uani. Binti yangu ndiye mwenye simu ya maana na vidole vyepesi. Wa pili ni mvulana wa Kibondo anayesoma chuo hapa Kasulu, mpenda kusahihisha. Wa tatu ni msichana Mkongomani wa Nyarugusu, anatoka kambi ya wakimbizi kwa kibali, anajua Kifaransa, basi kazi yake ilikuwa kusoma kurasa za Kifaransa na kuwaambia wenzake zinasema nini.

Nikiri kwamba walifundishana vizuri. Aliyejua kitu hakukificha. Binti aliwaonyesha ukurasa wa mazoezi, pale mtu anakosea bila kuchekwa. Mvulana akawafundisha kuweka vyanzo, vile vinamba vidogo vinavyoning'inia mwisho wa sentensi. Mkongomani akagundua ukurasa wa majadiliano, ambako watu wasiojuana wanagombana kwa adabu kama wakwe.

"Umeandika 'iko na watu mingi'," mvulana anamwambia. "Hapa hatuandiki hivyo."

"Bon, andika wewe. Miye kichwa yangu iko na njaa."

"Kichwa hakina njaa, dada."

"Ya kwako haina kwa sababu haifanyaka kazi."

Wanacheka, mimi nasonga ugali. Lakini nilikuwa nasikia walichokuwa wanaandika. Kasanda waliipa mistari mitatu: iko wilaya gani, ni kata, wakazi wake ni wakulima. Nikawauliza, wanalima nini? Wakatazamana. Nikawauliza, kuna mmoja wenu amefika? Mvulana akasema aliwahi kupita na basi kwenda Kakonko. Alipita amelala, nina hakika. Makala ikahesabiwa.

Siku moja binti akasema, "Mama mkubwa, tunataka kuandika soko letu. Utusimulie moto."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniomba. Nikafuta mikono, nikakaa nao.

Niliwaambia hivi, na narudia hapa ili asije mtu akasema nimebadilisha. Siku ile sikupika sokoni. Kulikuwa na harusi jirani na mimi ndiye niliyepewa mapishi, kwa hiyo nilifika sokoni mchana kuchukua sufuria zangu tu. Jiko langu halikuwashwa tangu jana yake. Ndani kulikuwa na majivu, na kuku alikuwa amelalia majivu hayo. Msimamizi wa soko alikuwa na mashine ya kuchomelea vyuma nyuma ya vibanda vyetu, umeme anauvuta kwa waya uliopita juu ya paa zetu za nyasi na maturubai. Tulishamlalamikia. Alituambia anayeogopa waya akauze porini. Mchana ule akawasha mashine, waya ukacheza, cheche zikashuka kwenye paa la mwenzangu aliyeuza mawese. Madumu yake ya mawese yakafanya kazi iliyobaki. Nilimshika mkono nimvute, na nikamvuta kweli, ila alichelewa kutoka zaidi ya nilivyochelewa mimi. Yeye alizikwa siku ya tatu. Mimi nilibaki na mikono hii.

Msimamizi huyo wa soko ndiye leo mwenyekiti wa kamati ya vibanda. Jina silitaji, hakuna haja. Kijiji kizima kinajua ni nani.

Waliandika kama nilivyosema. Binti akanisomea, nikasahihisha mahali pawili, akabonyeza. Nililala nimeridhika kama mtu aliyelipiwa.

Kesho yake ilikuwa imefutwa. Mhariri fulani, mtu wa mbali, alikuwa ameacha ujumbe: "Tafadhali weka chanzo kilichochapishwa. Simulizi ya mtu binafsi haitoshi." Binti akaificha habari hiyo. Nimeijua baadaye sana, pamoja na haya yanayofuata.

Mvulana wa Kibondo alikumbuka kijitabu. Siku ya kuweka jiwe la msingi la soko jipya, ofisi ya kijiji iligawa kijitabu chenye picha ya mgeni rasmi kwenye jalada, na ndani historia ya soko kwa ufupi. Hiyo historia iliandaliwa na kamati. Kamati ya nani? Ya bwana waya. Humo ndimo mlimoandikwa kwamba moto ulianzia kwenye jiko la mama lishe. Kimechapishwa, kina mhuri wa ofisi, kina namba za kurasa. Kwa mujibu wa mafunzo ya siku tatu, hicho ndicho chanzo.

"Lakini mama mkubwa alisema jiko lilikuwa limezimika," binti alisema. Hilo nimeambiwa na Mkongomani, ambaye angalau hadanganyi.

"Mama hana mhuri," mvulana akamjibu. "Tuweke hii, tutarekebisha baadaye. Mashindano yanafungwa Ijumaa."

Na binti yangu akabonyeza.

Ndiyo maana mwenyekiti alipata cha kusoma mkutanoni. Uongo wake mwenyewe ulitoka kwenye kijitabu chake, ukaenda mtandaoni kwa mikono ya watoto wangu, ukarudi kwake umevaa suti, na yeye akasimama kuupokea kama mgeni. Anasema, si maneno yangu. Na wajumbe wa kamati, watu wazima wenye ndevu, wanatikisa vichwa.

Baada ya mkutano niliwakuta uani. Mkeka hawakuutandika. Mvulana akaanza kunieleza sera, neno hilohilo, sera ya kamusi.

"Mwanangu," nikamwambia, "uliponilia maharage ulidai chanzo?"

Mkongomani akasema taratibu, "Mama, sisi tulikosa. Kwetu pia watu wanaandikaka juu yetu karatasi, ofisi inapiga mhuri, na hatukuwa vile." Huyo nilimwelewa. Hao wawili wazawa ndio walionichefua, binti zaidi, kwa sababu yeye amekua akikanyaga majivu ya soko lile.

Binti alilia. Nilimwacha alie. Alipomaliza akanionyesha kitu ambacho kwenye semina walikipita haraka: historia ya ukurasa. Kila neno lililoongezwa na lililotolewa limehifadhiwa, na jina la aliyefanya, na siku, na saa. Nilisoma mwenyewe, kwa kidole. Jina lake la mtandaoni lilikuwa pale kwenye mstari wa jiko langu. Halikuweza kujificha. Akabonyeza tena, akaandika kwamba kwa mujibu wa kijitabu cha kijiji moto ulianzia jikoni, na kwamba kijitabu hakisemi nani alichunguza wala nani aliandika. Safari hii yule mhariri wa mbali hakufuta. Mtu nisiyemjua alinitendea haki kuliko kamati nzima ninayoijua.

Fulana walipata. Mvulana anaivaa chuoni. Kwangu hajaivaa.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kijiji na kijitabu mkononi. Nikamwomba mtendaji, mtu wa kuhamishiwa hapa, mstaarabu wa kukupa kiti asikupe jibu, aniambie ule ukurasa uliandikwa na nani.

"Hiyo ni taarifa ya ofisi, mama."

"Ofisi ilishika kalamu?"

"Ni ya kamati."

"Kamati ina watu saba. Yupi?"

Akasema mambo ya zamani tuyaache, vibanda vitagawiwa mwezi ujao, niandike barua ya kuomba. Barua nilishaandika mara mbili. Majibu yote mawili yanataja moto.

Basi naandika ya tatu, na ndiyo hii, nayo siombi kibanda kwa huruma. Watoto wangu walikosea na majina yao yako wazi kwa kila mwenye simu. Nawadai wakubwa wao kitu hichohicho. Mwenyekiti wa kamati, wewe uliyevuta waya: simama mkutanoni, mbele ya watoto wa marehemu wa mawese, useme ni nani aliyeandika mstari ule, na useme mchana ule mashine ilikuwa inachomelea nini. Mtendaji, wewe uliyepiga mhuri: sema ulimuuliza nani kabla ya kuupiga. Mimi nitakuwa benchi la mbele, mikono nje ya khanga, nasubiri jibu.