Nyota Yenye Mkia na Taa ya Bashiru

Na ile kauli yake kwamba taa ni ya usalama, akawaambie wajinga wenzake. Usalama wa nini? Taa ya Bashiru hapo Mchinga inamulika kreti tupu za soda, mbwa mmoja mwenye upele, na ukuta wa duka lake mwenyewe. Mwizi akija si ndiyo ataona vizuri pa kukanyaga? Adija alishamwambia hivyo asubuhi, akarudia mchana, na jioni akawa amesimama tena pale dukani, tepu ya kupimia nguo bado iko shingoni, anaomba kitu kimoja tu: taa izimwe kidogo jua likishazama, mama yake aione nyota yenye mkia.

Huyu Adija ni fundi cherehani. Shule iliishia kidato cha pili, mdomo haukuishia popote. Aliwahi kuokota darubini kwenye mitumba, ile ya macho mawili, jicho moja limechubuka, na tangu hapo akawa mtu wa kutazama juu. Kwenye simu ana kundi la watazama anga, wa Dar, wa Arusha, watu wasio na cheo chochote, dereva, muuza dawa, mama wa nyumbani, wanaambizana nyotamkia mpya imegunduliwa, tazameni upande fulani. Mwaka juzi walileta habari ya nyota iliyolipuka huko mbali kabisa, na wa kwanza kuiona alikuwa mzee mmoja tu aliyekaa uani kwake. Adija akaenda mbio kijiweni kuwahadithia. Wakamuuliza kama ameiona. Akasema hapana, darubini yake haifiki huko. Basi, kicheko mwezi mzima. Na waliocheka ni walewale wanaotoana macho kwa ajili ya mchezaji wa Ulaya ambaye hawajawahi kuona hata kandambili zake.

Safari hii lakini haikuwa habari ya mbali. Nyotamkia yenyewe ilionekana kwa macho matupu, chini kabisa upande wa magharibi, ila haikai. Jua likizama, na yenyewe inalifuata. Na kila siku inafifia. Jioni kadhaa mfululizo mawingu yalifunga, na kwenye kundi wakaandika kwamba leo ndiyo mwisho, kesho bila darubini kubwa huoni kitu.

Mama yake, Bi Mastura, jicho moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho, la pili linafuata, na kisu cha hospitali hataki hata kisikike kikitajwa. Mwaka themanini na sita, akiwa binti mdogo huko Nyangamara, analala dunguni na baba yake kufukuza nguruwe shambani, aliona nyota yenye mkia. Tangu asikie kuna nyingine, yule mama amekuwa kama mtoto anayesubiri Idi. Kila jioni anauliza kama imetoka.

Wajuaji walisema si ampeleke kwingine. Ampeleke na nini? Miguu imevimba, pikipiki ilishamwangusha akaapa hapandi tena, na nyumba yao upande wa magharibi ni minazi mitupu. Uwazi uko mmoja, kile kiwanja mbele ya duka. Na taa imening'inia hapohapo, inakutazama usoni.

Mchana wa siku hiyo ikanyesha, kisha mbingu ikatakata kama sahani iliyosuguliwa. Adija akafurahi. Kumbe hakufurahi peke yake. Mvua ileile iliwatoa kumbikumbi.

Hapo ndipo ujinga ulipochanua. Kumbikumbi waliijia ile taa kama waalikwa wa harusi, na nusu ya Mchinga ikawa chini yake na mabeseni ya maji. Wanaume wazima, ndevu zimewajaa, wanasukumana kwa ajili ya wadudu.

"Kaka Bashiru, robo saa tu," Adija akasema. "Mama yule pale, nimeshamkalisha."

"Fundi, nikizima hawa watu watakula nini? Mkia wa nyota?"

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Jerome wa pikipiki, beseni kakumbatia kama mwali, akaleta na elimu yake: kimondo kazi yake kumpiga shetani, kinapita mara moja kinapotea, sasa hiki cha Adija kimekaa wiki nzima kinangoja nini.

"Au shetani wake kapanga chumba huko juu, sista, kinamvizia atoke?"

"Jerome, wewe usiangalie juu. Mvua itakuingia kichwani, hamna kitu ndani cha kuizuia."

Akamgeukia Bashiru tena, safari hii kwa sauti ya chini. Akamwambia kumbikumbi watatoka tena mvua ikinyesha, nyota hii hairudi.

"Si unasema kila siku zinagunduliwa mpya?" Bashiru akajibu, wala hakuinua uso. "Mwambie asubiri nyingine."

"Macho yake yatasubiri?"

Bashiru akainama kwenye beseni lake.

Adija akamrudia mama yake, akatandaza kanga kukinga mwanga. Yeye akaiona, ule mkia umesimama kama moshi wa chetezo. Mama hakuona. Mtu mwenye mtoto wa jicho, taa ikimpiga anabaki na weupe mtupu, na kanga ukiishusha taa inaingia, ukiipandisha inaziba mbingu. Wakahangaika hivyo, kanga juu, kanga chini, mpaka ile nyota ikazama kwenye vichaka.

Mabeseni yakajaa. Bashiru akanyoosha mkono, akaizima taa mwenyewe, kirahisi, kama mtu anayefukuza inzi. Usalama wake wote ukaisha na kumbikumbi.

"Haya fundi, anga lako hilo."

Bi Mastura akapepesa macho, akatulia, kisha akanyoosha kidole.

"Ile pale. Nimeiona, mwanangu. Alhamdulillahi."

Ilikuwa Zuhura. Inawaka pale kila jioni, haina mkia wala haijawahi kuwa nao. Adija aliyatazama yale macho.

"Ndiyo hiyohiyo, mama."

Akamshika mkono wakarudi nyumbani taratibu, na nyuma yao kikaango kimeshaanza kulia.

Sasa wewe unayesoma hapa, usimhurumie Adija. Huruma yako akaifanyie nini? Hapo nje kwako kuna taa inawaka inamulika ukuta. Nyanyuka ukaizime.