Mkaangaji wa Akiba

Katika parokia ile ya upande wa mashariki wa Buffalo, watu husamehe mengi. Walimsamehe mzee aliyesinzia akiongoza rozari. Walimsamehe hata Padri Fintan kwa kuzaliwa Boston, ingawa kila mtu anajua kule hushangiliwa mahasimu wa timu ya Buffalo katika mpira wa Kimarekani. Lakini samaki mbichi katikati, Ijumaa ya Kwaresima, hilo halikuwa na maondoleo. Ndiyo maana karai la kukaangia samaki wanaouzwa ukumbini lilikuwa la Bernadine Pruchnik, na hakuna aliyewahi kuliulizia.

Bernadine alikuwa amestaafu kuendesha basi la shule, akabaki na sauti ya kunyamazisha watoto wa kiti cha nyuma bila kugeuza shingo. Mume alikuwa makaburini, binti alikuwa Arizona, na basi lilikuwa na dereva mwingine. Ijumaa za Kwaresima zilikuwa zake. Alichovya minofu katika unga uliokorogwa kwa bia, akaitosa, akaitoa, na foleni ya waumini na wasio waumini ikazunguka ukumbi hadi kwenye theluji.

Wageni wakishaondoka, waliojitolea kupika hukaa kula mabaki na kubishana juu ya Uteuzi, siku zile za Aprili ambapo timu kubwa za mpira huo huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Mkuu wa ubishi alikuwa Cas Dudek, muuza tiketi wa mlangoni, mwenye tumbo la kutangulia na maoni ya kufuata.

"Watu wa mstari wa mbele!" Cas alipiga meza. "Majitu! Una mrushaji mzuri, huna wa kumlinda. Hiyo ni kununua gauni la harusi na bwana harusi huna."

"Na mrushaji akivunjika kidole?" Bernadine akamuuliza. "Atarusha nani, Cas? Wewe?"

"Atapona."

"Atapona Januari, na sisi tushatolewa Desemba. Tafuteni kwotabeki wa akiba, mrushaji wa pili, nasema kila mwaka. Raundi ya pili, kijana mwenye akili. Mkalishe benchi, mfundishe, mpike taratibu. Akiba haiozi."

"Raundi ya pili nzima kwa mtu wa kushika kofia ya mwenzake!"

Ubishi huo ulikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wachezaji. Ila jioni moja ya mwisho wa Januari, wanakamati walipokuwa wakijaribu mafuta mapya, Cas alimwona Bernadine akiinua chujio la karai kwa mkono wa kushoto. Bernadine hakuwa wa mkono wa kushoto.

"Bernie. Bega hilo."

"Bega gani?"

"Hilo unalolibeba kama yai."

Ikabidi aseme. Daktari alitaka kulipasua, na nafasi aliyopata ilikuwa Jumatatu ya Juma Kuu. Maana yake Ijumaa Kuu, siku ambayo ukumbi hujaa kuliko siku zote, Bernadine angekuwa na mkono shingoni. Cas aliliacha hilo likolee. Kisha akafungua mikono kama wakili aliyeshinda kesi.

"Basi, mama wa akiba haiozi. Mkaangaji wako wa akiba yuko wapi?"

Wote wakamtazama. Bernadine akafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Kama hakuna," Padri Fintan akasema kwa upole wake wa Boston, "tunaweza kuagiza wale samaki walioganda kwenye maboksi. Wanakuja na unga tayari."

Bibi Stasia, mkuu wa meza ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, akapiga ishara ya msalaba.

Mganga hajigangi, lakini Bernadine alikuwa na sababu yake, na hakuwa na nia ya kumwambia mtu. Alikuwa ameutazama mpira maisha yake yote. Alijua jinsi mwenye namba anavyopumzika wiki moja kwa ajili ya kifundo cha mguu, wa akiba akaingia, akashinda, na yule wa kwanza akirudi anakuta nafasi yake ina joto la makalio ya mtu mwingine. Mjini humpigia makofi ya heshima, wakamsahau kabla ya Krismasi. Wa akiba ni kitu kizuri sana, mradi namba anayoisubiri si yako.

Ndivyo Cas alivyoanzisha uteuzi wa parokia. Ulifanyika ukumbini Jumamosi iliyotangulia Jumatano ya Majivu. Cas alivaa tai na kusimama kwenye mimbari kama mkuu wa ligi, na watu wakamzomea, kwa kuwa mkuu wa ligi siku ya Uteuzi huzomewa hata akisoma sala. Kulikuwa na meza tatu zenye uhaba wa watu: karai, pierogi na saladi ya kabichi. Wakuu wa meza wangechagua kwa zamu kutoka kwa waliojitolea, Bernadine wa kwanza.

Vipimo navyo havikukosa. Watu walikimbia na trei ya vikombe kutoka jukwaani hadi chooni. Kama wanavyofanyiwa warushaji wa vyuoni, walipimwa viganja kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Brock Kozub wa zimamoto alipokunjua kiganja, utepe ulionekana mfupi.

"Yesu na Maria," Bibi Stasia akanong'ona. "Lile ni koleo."

"Na moto haogopi!" Cas akashangilia. "Bernie, usijisumbue kufikiri. Andika jina."

Bernadine alimtazama Brock. Alikuwa hodari, mchangamfu, kijana wa kupendwa na watu. Angekaanga Ijumaa moja akiwa amekunja mikono ya shati, na wanawake wangemwomba abaki hadi Ufufuko. Akamwita Bibi Stasia pembeni, wakanong'onezana. Cas akapokea kikaratasi, akakisoma kimoyomoyo, akakigeuza kuona kama nyuma kuna nafuu.

"Karai... limeuza chaguo lake la kwanza kwa pierogi. Kwa kubadilishana na chaguo la mwisho la pierogi, na sahani ya pierogi kwa Bernadine kila Ijumaa hadi Pasaka."

Ukumbi ukazomea kwa furaha kubwa.

Chaguo la mwisho alikuwa Marvin Tutko, mpiga kinanda wa kanisa, mwanamume wa makamo mwenye kipara kinachoanza na tabia ya kuomba radhi kwa milango. Alikuwa amekuja kuchukua karatasi za nyimbo alizosahau jukwaani, akasukumwa kwenye mstari. Viganja vyake vilipopimwa, mwenye utepe aliuliza kama ameshamaliza kuvikunjua.

"Bernie," Cas alisema baadaye, kwa huzuni ya kweli, "yule anaogopa kibaniko cha mkate."

"Ana kipaji," akasema Bernadine. "Anahitaji tu kuendelezwa."

Akamwendeleza kama mtu anayemwagilia shamba kwa kijiko. Ijumaa ya kwanza alimpa kazi ya kupanga vipande vya limau. Ijumaa ya pili alimruhusu kukoroga unga. Marvin alisimama mbali na karai kama limemtukana mama yake, na kila tone la mafuta liliporuka, yeye naye aliruka.

"Unaangalia rangi," Bernadine alimwambia, kama alivyowaambia wote waliowahi kumuuliza. "Ikiwa ya dhahabu, toa."

Ijumaa ya tatu Bernadine alikuwa amegeuka kuitikia salamu kwenye dirisha la kutolea sahani aliposikia sauti ndogo nyuma yake. "Sasa."

Marvin alikuwa amefumba macho. Bernadine akainua chujio. Mnofu ulikuwa wa dhahabu, mkavu nje, na alipoupasua ukatoa mvuke mweupe na nyama ikaachana tabaka kwa tabaka.

"Umejuaje?"

"Samahani. Ni mafuta. Yanaanza na sauti ya juu, kama soprano wenye haraka. Halafu yanashuka. Yakishashuka na kutulia, samaki ameiva." Akafumbua macho. "Rangi inadanganya. Taa za humu ni za manjano."

Bernadine akaweka chujio chini. Hivyo ndivyo alivyokaanga yeye maisha yote, kwa sikio. Habari za rangi aliwapa watu makusudi, ili waende kuharibu samaki majumbani kwao na kurudi Ijumaa inayofuata wakiwa na adabu.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Simwambii."

"Hasa Stasia."

Tangu hapo hakuweza kujizuia. Ukimpata mwenye sikio, utamfundisha tu, hata kama unaiuza namba yako mwenyewe. Akamwonyesha unga unavyopaswa kuning'inia kwenye uma, na kwa nini mnofu wa mkia huingia wa mwisho. Kisha alirudi nyumbani na pierogi zake, akazila kwa hasira.

Jumatatu ya Juma Kuu akapasuliwa. Ijumaa Kuu akaja ukumbini, mkono umefungwa shingoni. Padri alikuwa amemkataza jikoni, kwa hiyo alijipangia meza iliyo mbele ya dirisha la kutolea sahani. Kila alipotaka kumwelekeza Marvin, aliziba mdomo kwa karatasi ya bei za vyakula, kama makocha wanavyoficha midomo yao kandoni mwa uwanja.

"Unamficha nani?" Cas akauliza.

"Wewe."

Sahani za mwanzo zilitoka vizuri, na moyo wa Bernadine ukafurahi na kuuma kwa wakati mmoja. Kisha ukumbi ukajaa. Mtu akaleta habari kwamba safari hii Timu ya mji inataka kwotabeki raundi ya pili. Cas akaacha tiketi zake, akaja kati ya meza.

"Ujinga! Majitu ya mbele kwanza!"

"Kaa chini, Cas, wewe mwenyewe ndiye jitu la mbele!"

"Wa akiba afundishwe na nani? Kocha yule?"

Meza zikadakia, watoto wakagonga makopo ya soda kwa vijiko, na mtu akapanda kiti kuonyesha jinsi ya kuzuia. Katikati ya vurugu hiyo, Padri Fintan akapokea sahani yake. Akauma. Akatafuna kwa subira ya mtu anayetoa sadaka, akasogeza mnofu chini ya saladi. Bernadine aliona. Mnofu ulikuwa umepauka, na katikati yake uling'aa kama kioo.

Akatazama dirishani. Marvin alikuwa ameinamisha kichwa juu ya karai kama mtu anayesikiliza mlangoni. Ukumbi ulikuwa unanguruma. Hakuwa akisikia kitu.

Kumbe ilitosha Bernadine kukaa tu. Hakuhitaji kufanya uovu wowote, bali amalize saladi yake. Sahani tatu nyingine za aina ile, na Jumatatu mji mzima ungesema hakuna kama Bernie, tumsubiri Bernie. Aliuonja utamu wa jambo hilo, akautafuna polepole. Sahani ya pili ikarudishwa dirishani. Marvin aliipokea, akaomba radhi, kisha akatazama viganja vyake vile vidogo kama anayeona sasa kosa lilipokuwa.

Bernadine alikuwa ameuona uso huo mara nyingi kwenye televisheni: kijana mgeni, uwanja wa ugenini, maelfu wanampigia kelele asiisikie hata sauti yake. Lakini hapa hapakuwa ugenini. Walikuwa nyumbani, na watu wake mwenyewe ndio waliokuwa wanamzomea bila kujua.

Akasimama, akatoa ile sauti ya basi.

"Nyamazeni! Mpira tunao sisi!"

Hakuhitaji kufafanua. Katika mji ule hata mtoto anajua: wageni wakishika mpira unapiga kelele hadi koo likatike, lakini mrushaji wenu akiushika hukohoi hata ukiwa na nimonia. Ukimya ukasambaa meza hadi meza. Cas alikatika katikati ya neno "majitu". Bibi mmoja akamnyang'anya mjukuu kijiko. Mafuta yakasikika hadi mlangoni, yakiimba juu, kisha yakishuka. Padri alikiri baadaye, kwa uchungu kidogo, kwamba hata saa tisa kwenye Mateso ya Bwana hawakunyamaza hivyo.

Marvin akafumba macho.

"Sasa," akasema.

Chujio likapanda, ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Likashuka tena na minofu mipya, wakanyamaza. Hivyo hivyo hadi samaki wakaisha, na walioingia wakiwa wamechelewa walidhani kuna msiba, halafu harusi.

Cas alikula samaki wake wa mwisho amesimama mbele ya Bernadine.

"Bernie, leo ni Ijumaa Kuu, siwezi kusema uongo. Huyu ni mtamu kuliko wako."

Lilimwingia.

"Hiyo ni kwa sababu umekula umefunga mdomo," akasema, "kwa mara ya kwanza maishani mwako."

Baada ya Pasaka ukaja Uteuzi wenyewe. Kwaresima ilikuwa imekwisha, hivyo jioni ya raundi ya pili ukumbi ulinukia mabawa ya kuku, na televisheni iliwekwa jukwaani. Ilipofika zamu ya Timu, mkuu wa ligi akatoka, akazomewa, akasoma jina. Kwotabeki. Kijana mrefu mwenye akili, wa kukalishwa benchi na kufundishwa.

Watu wote wakageuka kumtazama Bernadine. Cas alivua kofia yake na kuiweka kifuani. "Umeshinda, mama. Miaka yote hii. Nasema mbele ya mashahidi."

Bernadine akakunja kiganja cha mkono usioumwa mdomoni, akazomea.

"Bernie!"

"Aliyepo amekosa nini?" akafoka. "Bega limemuuma wiki mbili tu, mshamletea mtu! Hamna hata aibu!"

Akawaacha wakicheka, akaingia jikoni. Marvin alikuwa kwenye karai, amevaa aproni ya Bernadine. Alipomwona akaivua haraka, akamfunga kiunoni, maana mkono mmoja haufungi kamba.

"Daktari amesema lini?" akauliza.

"Daktari anatoka Boston." Bernadine akasimama karibu na mafuta. "Mabawa yanaimba tofauti na samaki. Hilo sijakufundisha."

"Nitasikiliza," Marvin akasema, akatosa mabawa, akafumba macho.

Bernadine alimtazama kidogo. Kisha akajaza kifua hewa, akaanza kupiga kelele kama uwanja mzima wa ugenini.