Mzaha Wangu Kuhusu Yule wa Filamu

Jumapili tulikuwa tunaangalia filamu, zile ambazo jamaa anazitafsiri kwa Kiswahili huku akitia utani wake. Mwigizaji mmoja wa kike akavua nguo zote, akaingia mtoni. Mimi nikasema, "Hata kuku tukishamnyonyoa anakuwa amevaa kumshinda huyu." Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu. Binti yetu hakucheka.

Jana akaniambia ameacha mchezo wa kuigiza wa shule, ule wanaoupeleka kwenye mashindano huko Likuyani. Alikuwa amepewa nafasi ya malkia.

"Malkia si anavaa gauni mpaka chini?" nikamuuliza.

"Anavaa, baba. Lakini nitasimama mbele, na baba za watu watakuwa wamekaa wakiniangalia, kama ulivyomwangalia yule."

Sielewi vizuri. Yule wa filamu hanijui, na alivua mwenyewe kwa kazi yake. Hapo naona sina kosa. Nikikumbuka hao "baba za watu", naona ninalo. Nikamwomba arudi kwa mwalimu.

"Ukiwa na wanaume wenzako utaacha kusema hivyo juu ya wanawake?" akaniuliza.

Nilitaka kujibu ndiyo, lakini sikuwa na hakika, na sikutaka kumdanganya. Akasema basi mwalimu atafute msichana mwingine.